Mjane Aliyepanda Mchunga

Kale, wajukuu zangu, kale iliyo nyuma ya kale ya bibi yangu, milima ikiwa bado laini na mito ikiuliza njia, palikuwa na watu, na watu walikuwa na midomo, na midomo ilitaka kula. Mpo? Kama mpo, sogeeni. Kama hampo, watawaitikia waliopo.

Palikuwa na mwanamke, jina lake Umazi. Aliolewa katika kaya moja, kijiji cha kale ndani ya msitu, na mumewe aliitwa Chengo. Chengo aliumwa na nyoka alipokuwa akitafuta asali, akafa kabla jua halijatua. Umazi akabaki na nyumba ya udongo, jembe moja, na binti mmoja, Dzame, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto.

Sasa sikilizeni sheria ya watu wale, maana kisa kizima kimekaa juu yake. Mjane mwenye shamba alikaa nyumbani kwake akapika chungu chake. Mjane asiye na shamba alikuwa na njia mbili: aingie nyumba ya ndugu wa marehemu awe mke wa huko, au arudi kwa baba yake. Na akirudi, anarudi peke yake. Mtoto ni wa ukoo, mtoto anabaki. Tena shamba lililoachwa likawa pori kwa misimu miwili ya mvua, hilo nalo hurudi kwa ukoo. Msimu wa kwanza wanakusamehe. Wa pili, basi.

Umazi hakutaka kuingia nyumba ya mtu. Hakutaka kumwacha Dzame. Alitaka shamba tu, na kuachwa alilime.

Aliyegawa mashamba baada ya matanga ni Ngumbao, kaka mkubwa wa Chengo. Msimchukie bado. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa udongo kuliko anavyopenda watu, na watu wa namna hiyo wapo hata kanisani kwetu, hata kwenye benchi ninalokalia mimi.

"Shemeji," akasema Ngumbao, "chukua lile la mteremkoni. Lina udongo mzuri."

"Lina mchunga, shemeji."

"Mchunga si mboga? Utalima huku unachuma. Wenzako hawana bahati hiyo."

Mchunga mnaujua, maana jana mmeula, na kuna mmoja hapa aliuficha chini ya sima akidhani sikumwona. Majani yake ni marefu na yana meno kando, maua yake ni ya manjano, na ukiukata unatoa maziwa meupe. Ni mchungu. Watu wa kale hawakuupanda. Ulijiotea njiani na kwenye mashamba yaliyopumzishwa, nao wakauita mboga ya Mungu. Anachuma yeyote, popote, bila kubisha hodi.

Lakini ukiingia kwenye shamba la mtama, mboga ya Mungu inakuwa kitu kingine.

Mvua za kwanza zikaja. Umazi akachukua jembe. Akalima, akaukatakata mchunga, akaufukia, akapanda mtama. Siku ya kumi mchunga ukarudi. Akalima tena, akaukatakata, akaufukia. Siku ya kumi mchunga ukarudi, na ndugu zake. Akalima mara ya tatu, akaukatakata, akautupa rundo kando ya kichuguu. Siku ya kumi mchunga ukarudi, na ndugu zake, na wakwe zake, na wageni waliofuatana na wakwe. Mtama ukasongwa shingo. Siku ya kuvuna alipata kapu moja, nalo ndege walikuwa wameshalionja.

Wanawake wakipita njiani walimwita. "Umazi, wenzako wanapalilia mtama uonekane. Wako umejificha wapi?"

"Una haya," Umazi akajibu. "Haukuzoea wageni."

Alicheka nao, ila moyoni alikuwa anahesabu. Msimu mmoja umekwenda. Umebaki mmoja.

Siku moja baada ya mavuno aliketi kando ya kichuguu kile apumzishe mgongo. Akaangalia lile rundo la mizizi aliyoitupa. Limechipua lote. Akaokota kipande kimoja kisichozidi kidole. Kina chipukizi mbili. Akaokota kingine. Mbili. Akaokota kidogo kabisa, kama ukucha. Moja, lakini imenyooka, yenye afya, kama mtoto wa tajiri.

Umazi akaanza kucheka.

"Mama, unacheka nini?" Dzame akauliza.

"Najicheka mwenyewe, mwanangu. Msimu mzima nadhani nauua, kumbe nauzalisha. Kila jembe likishuka, nimekuwa mkunga."

Mvua za pili zikakaribia. Mbegu ya mtama hakuwa nayo, walikuwa wameila. Kuomba mbegu kwa Ngumbao hakuthubutu, angeambiwa aje aishi karibu na ghala. Basi akakaa akafikiri siku mbili, akamwomba Mungu kwa namna walivyomwomba wao, kisha akauambia mchunga: kama unapenda kukatwa, nitakukata. Nitakukata mpaka ufurahi.

Akainua matuta, mstari kwa mstari. Akakatakata mizizi vipande vya kidole, akaviweka chini kwa nafasi ya shubiri, akavifunika. Akaomba samadi kwenye zizi la mbuzi. Akasimamisha vijiti, akavitandika makuti juu, jua lisiyakaze majani. Mchunga ukatoka. Kila ulipotaka kutoa ua, aliuvunja kichwa, maana aliona kwamba mchunga ukishapata ua hauna haja tena na majani. Na nyasi zilipoota katikati ya matuta, alizing'oa moja moja kwa mkono.

Jirani yake, mwanamke aitwaye Nyevu, alisimama njiani na mtungi kichwani akatazama mpaka shingo ikamuuma.

"Umazi. Hebu nieleze polepole, mimi mzito. Unapalilia magugu ili magugu yasiingiwe na magugu?"

"Ndiyo."

"Na umande utaupanda lini?"

"Nikipata mbegu, dada. Ukiwa nayo niletee."

Nyevu akaenda kuwaambia wenzake, na wenzake wakaja kucheka, na waliokuja kucheka wakaona majani mapana kama kiganja, laini, yasiyo na vumbi la njiani. Umazi aliyapika kwa tui la nazi. Uchungu ulikuwepo, lakini ulikuja mwishoni, kwa adabu, kama mtu anayekohoa kabla ya kuingia. Baada ya hapo Nyevu alikuja kila jioni na bakuli.

"Mboga ya wendawazimu," akasema akila. "Niongezee kidogo."

Umazi aliwapa majirani mboga, nao wakampa mtama, mihogo, samaki wakavu. Dzame akanenepa mashavu. Kwa hesabu ya Umazi, shamba lilikuwa limelimwa.

Kwa hesabu ya Ngumbao, halikulimwa. Alipita siku moja akaona kijani cha mchunga kutoka juu hadi chini, wala hakushuka kuangalia matuta. Akaenda moja kwa moja kwa wazee.

Wazee wa kaya wakaja watatu, mbele yao Mzee Baya. Msidhani Mzee Baya alikuwa mtu wa maneno mazito. Alikuwa na ugonjwa wa kiuno, alipenda ugoro, na mashauri mengi aliyakata haraka ili akalale. Hili lilimshinda kulikata haraka.

"Misimu miwili," akasema Ngumbao. "Shamba hili ni pori. Tazameni wenyewe. Mchunga mtupu."

"Nimeupanda, baba," Umazi akasema. "Matuta haya hapa."

"Mchunga haupandwi. Nani hapa amewahi kuona mtu anapanda mchunga?"

Hakuna aliyewahi kuona. Mzee mmoja akasema mtu akitandika kitanda chini ya mti, mti haugeuki kuwa nyumba. Mwingine akasema alikula mboga ile kwa Nyevu, na kwamba ilikuwa nzuri, lakini asieleweke vibaya.

Ngumbao akaona wanasitasita, akasema, "Wazee, mimi nitawarahisishia. Hiki ni kitu cha porini. Mimi na wanangu tutakifyeka na kukichimba siku tatu, tupande mtama. Mwezi mpya ukiandama mje. Mkikuta mtama umesimama, basi lilikuwa pori na tumelisafisha, shamba ni la ukoo. Nikishindwa kusafisha magugu, mimi Ngumbao, basi abaki nalo."

Mzee Baya alipenda neno hilo. "Shamba ni la yule ambaye mkono wake linautii," akasema. Kisha akamgeukia Umazi. "Mama Dzame, una neno?"

Hapo, wajukuu zangu, Umazi alikuwa na neno. Lilikuwa mdomoni mwake tayari. Angeweza kusema: shemeji, usichimbe, ukiukata unauzidisha, mimi mwenyewe nimepoteza msimu mzima hivyo. Alimtazama Ngumbao na mikono yake mipana. Akamtazama Dzame.

"Sina neno, baba," akasema.

Simhukumu. Mimi nimewahi kunyamaza mahali pa kusema, kwa jambo dogo kuliko mtoto, na mpaka leo nikisali naanzia hapo. Nawaambia tu alilofanya.

Ngumbao akaja na wanawe watatu, vijana wenye mabega. Wakang'oa makuti. Wakachimba. Majembe juu, majembe chini. Wakaukatakata mchunga, wakageuza udongo, wakaukatakata tena. Waliimba. Umazi alikaa mlangoni akichambua mboga za mwisho, na kila jembe liliposhuka alijua kinachozaliwa.

Siku ya kwanza alikuwa na furaha. Ninasema kama ilivyokuwa. Aliinama asionekane anatabasamu.

Siku ya pili Dzame akamwuliza, "Mama, mbona humwambii baba mkubwa?"

"Baba mkubwa anajua kulima."

"Lakini huu hajui."

"Nenda kachote maji."

Siku ya tatu Ngumbao akatazama rundo la mizizi lililolingana na ng'ombe aliyelala, akasema kwamba kitu kizuri kama kile kisipotee. Kule bondeni alikuwa na shamba lake kubwa, lile la kulishia wake zake wawili na watoto tisa, na mvua ilikuwa imelichimba korongo katikati. "Bebeni," akawaambia wanawe, "mkajazie korongo. Mkanyage vizuri."

Wakajaza makapu. Wakapita mbele ya mlango wa Umazi, kapu kwa kapu, mizizi ikining'inia ukingoni na kudondosha maziwa njiani.

Umazi akasimama. Furaha ile ilimtoka. Kumshinda Ngumbao ni kitu kimoja. Lile shamba la bondeni lilikuwa kitu kingine. Akafungua mdomo.

"Shemeji," akaita.

Ngumbao akageuka, jasho likimtiririka, anatabasamu kama mtu aliyekwisha shinda. "Unasemaje, shemeji? Unataka kutusaidia kubeba?"

Wanawe wakacheka. Na Umazi, kwa sababu ya kicheko kile, akafunga mdomo. Akaketi. Makapu yakapita mpaka la mwisho, kisha wakapanda mtama pale mteremkoni.

Mvua ikanyesha siku nne. Siku ya kumi mchunga ukarudi.

Ulirudi mteremkoni ukiwa umesongamana hata nyoka asingepata pa kupita. Ulirudi bondeni pia. Ulitoka kwenye lile korongo, ukatembea kushoto, ukatembea kulia, ukaingia kwenye mtama wa Ngumbao uliokuwa magotini. Wake zake wakatoka na majembe wakaukatakata. Siku ya kumi mchunga ukarudi, na ndugu zake. Mnajua inavyokwenda.

Mwezi ukaandama. Wazee wakaja, na kaya nzima ikaja nyuma yao. Nyevu alikuja amebeba bakuli, sijui kwa matumaini gani.

Hapakuwa na la kutafuta. Mtama haukuonekana hata mmoja. Umazi alikuwa ameshinda bila kusema neno. Alichotakiwa ni kuendelea kutosema.

Lakini Ngumbao hakuwa amekuja kukubali. Alikuwa amekonda.

"Hili si la kawaida," akasema. "Mimi nalima tangu nikiwa na meno ya maziwa. Hakuna gugu lililonishinda. Na shamba langu la bondeni nalo limeliwa, mtama wa watoto wangu unasongwa. Huyu mwanamke ameweka fingo."

Watu wakasogea nyuma. Fingo ni dawa ya kuzika ardhini, na neno hilo halikutamkwa ovyo. Anayeshtakiwa kwa fingo hukanusha, na anayekanusha hulambishwa shoka la moto. Ulimi ukipona, hana hatia. Mimi nashukuru Mungu alituondolea mambo hayo, lakini wakati ule ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Baya akaweka ugoro wake pembeni. Kiuno hakikumwuma siku ile. "Mama Dzame. Umesikia. Umeweka kitu ardhini?"

Umazi alitazama kushoto akawaona wake za Ngumbao. Yule mdogo alikuwa na mtoto mgongoni, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge ya jembe. Umazi aliyajua yale malengelenge. Alikuwa nayo msimu wa kwanza, mahali pale pale.

Shoka hakuliogopa sana. Hakuwa ameweka fingo, na aliamini Mungu anaona. Aliogopa jambo jingine. Sheria yao nyingine ilisema hivi: anayeacha shamba la ndugu liharibike, naye anajua, hana ukoo hapo. Atarudishwa kwao. Na mtoto anabaki.

Akaenda katikati ya shamba, akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akatoa mzizi mmoja mzima. Akaukata vipande viwili mbele yao. Maziwa yakatoka.

"Hakuna fingo," akasema. "Fingo ni jembe. Mmea huu ukikatwa haufi. Kila kipande ni mbegu. Shemeji na wanawe hawakuufyeka, waliupanda. Na kule bondeni waliupanda pia."

"Umejua lini jambo hili?" Mzee Baya akauliza.

"Tangu msimu wa kwanza."

"Siku ile nilikuuliza kama una neno."

"Nilikuwa nalo. Nikasema sina."

"Na makapu yalipopita kwenda bondeni?"

"Niliyaona. Nilimwita. Wakacheka, nikakasirika, nikanyamaza." Akawatazama wake za Ngumbao. "La shamba hili nilinyamaza kwa ajili ya mtoto. La bondeni nilinyamaza kwa sababu ya hasira. Hilo la bondeni ni kosa langu lote."

"Mmesikia," akasema Ngumbao. "Amenidanganya."

Wazee wakajitenga. Walikaa kule mpaka vivuli vikageuka upande. Umazi alibaki amepiga magoti, Dzame amemshika nguo kwa nyuma kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyewakaribia isipokuwa Nyevu, ambaye naye alisimama tu.

Waliporudi, Mzee Baya alimwuliza jambo moja. "Huu mmea, kuna namna ya kuuondoa?"

"Ipo, baba. Si kwa jembe. Unasubiri mvua ilainishe udongo, unauvuta kwa mkono, taratibu, mzizi wote. Kisha unauanika juu ya mwamba mpaka uvunjike kama kijiti. Misimu miwili. Labda mitatu."

Mzee Baya akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Ngumbao, unasema amekudanganya. Ni kweli. Lakini mtu hawezi kukudanganya kwa kitu asichokijua. Sisi sote tumekula mchunga tangu utoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua unavyozaliwa wala unavyokufa. Huyu anajua. Anayejua hayo mawili ndiye mkulima wake, na shamba lake si pori. Abaki nalo, na mtoto wake."

Kisha akamgeukia Umazi, na uso wake haukuwa laini. "Na wewe. Tungekurudisha kwenu leo hii kama tungeyapata haya kwa mdomo wa mtu mwingine. Umeyatoa mwenyewe, na ulikuwa huna haja. Kwa hiyo hutarudishwa. Lakini asubuhi, kabla ya kugusa shamba lako, utakuwa bondeni unang'oa, mpaka mtama wa watoto wale upate hewa. Na chungu chao mpaka mavuno kitakuwa na mboga yako. Una neno?"

"Sina, baba," akasema Umazi, na safari hii hakuwa nalo kweli.

Akaenda. Kila asubuhi, msimu ule na uliofuata. Aliinama, akavuta, akaanika. Wiki ya kwanza Ngumbao alikaa kivulini akimtazama, mikono kifuani. Wiki ya pili alikuja akainama tuta la pembeni, mbali kidogo, akavuta mmoja. Mzizi ukalia, tak.

"Umeacha mtoto ardhini," Umazi akasema bila kugeuka. "Polepole, shemeji. Usiuvute kama unavuta ng'ombe."

Ngumbao akavuta mwingine. Tak. Akatukana chini chini. Akavuta wa tatu, akashusha pumzi, akausikiliza kwa vidole, na mzizi ukatoka mzima, mrefu kama mkono wake. Akauinua juu autazame.

"Una kichwa kigumu huu," akasema. "Kama marehemu ndugu yangu."

"Alirithi kwa wakubwa zake," Umazi akajibu.

Wakaendelea kuvuta, kila mmoja tuta lake, mpaka jua likawa kali.

Basi, wajukuu zangu, fundisho ni hili, na nalisema nikijijua. Neno la kweli ulilolimeza halifi tumboni. Linaota, na mara nyingi linaota kwenye shamba la mwenzako. Sisemi kila anayekiri hushinda. Wako waliokiri wakafukuzwa, na Mungu anawajua. Nasema tu kwamba kosa ni kama mzizi ule: ukilikatakata vipande vya visingizio linaongezeka, ukilivuta zima linaisha.

Hapa ndipo nilipokipokea kisa hiki, na hapa ndipo ninapokitua. Kizito kibaki na mimi mzee, chepesi bebeni ninyi. Inukeni, mkanawe mikono.